Bila Siku ya Kurudi, Hakuna Hema

Hakuuliza jina lako kwanza. Unafika pale getini umechoka, umebeba blanketi na sufuria, watoto wanataka kukimbilia maji, na yeye anakuangalia kutoka kichwani hadi viatuni, kikombe chake cha bati mkononi, halafu anauliza: "Unarudi nyumbani lini?" Ukisema Jumapili, sawa, unapewa hema. Ukisema kesho, sawa pia. Ukianza zile hadithi za "tutaona vile mambo itaenda," unaonyeshwa benchi ukakae ufikirie vizuri.

Tulimwita Mama wa Mahema. Jina lake nalijua, lakini hakupenda litajwe ovyo, na sina sababu ya kumkosea leo. Alizaliwa wapi na kwa nani, hayo pia niachieni. Ninachoweza kusimulia ni hii miaka karibu kumi na tano niliyomjua katika kambi ya umma kando ya Ziwa Naivasha, ile ya watu wa kawaida, si zile za wageni wenye magari marefu. Ilikuwa na nyasi, migunga michache ya kivuli, vyoo vinne, bomba moja na stoo ya mabati. Stoo ndiyo ilikuwa chumba chake cha kulala, yeye na mahema yake arobaini. Aliajiriwa akodishe hema, kuni na sufuria. Hayo mengine yote aliyofanya pale, na yalikuwa mengi, alijipa mwenyewe.

Mimi ni fundi wa nguo Nakuru mjini. Nimekulia Dundori, kwenye viazi, waru tunaviita, na maziwa, na kwetu mtu akilala nje ni kwamba ng'ombe anazaa au amefungiwa mlango. Kwa hivyo vijana wa kanisa walipotangaza tunaenda kulala ziwani kwa kujifurahisha, mama yangu aliniuliza kama nyumba yake ina shida gani. Nilienda. Hema letu likawa na zipu mbovu, mbu wakatumaliza, na asubuhi nikamwambia yule mama, kwa ule ujeuri wa miaka ishirini, kwamba hata mimi naweza kushona zipu kuliko hiyo. Akaniletea uzi na sindano palepale. "Onyesha."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Tangu hapo, kila baada ya miezi michache, simu inalia na bila salamu nasikia: "Wewe wa Dundori, zipu tatu zimekataa." Naenda na cherehani yangu ya mkono, nakaa siku mbili chini ya mgunga, nashona. Hakuna hema pale nisilolijua mshono. Hakuniita jina langu hata siku moja. Nilikuwa wewe wa Dundori mpaka watoto wangu wakafikiri ndilo jina langu la kazi.

Sasa nije kwa mtaro. Haki, mtaro wa yule mama ulitesa watu. Kila hema lililosimama pale lilichimbiwa mtaro kulizunguka, upana wa jembe, kina cha kiganja, na njia ya kutolea maji upande wa chini. Hakujali kama ni Januari na vumbi liko mpaka kwa meno. Vijana wa Nairobi wanakuja na spika na miwani ya jua, wanapewa jembe.

"Mathe, lakini hakuna hata wingu!"

"Sijakuuliza habari ya wingu. Chimba."

Na siku ya kuondoka ni lazima ufukie mtaro wako, upange nyasi juu yake na ukanyage mpaka paonekane kama hujawahi kufika. Kuna bwana mmoja mkubwa aliyekuja kukagua kambi, akamweleza kwa upole kwamba mahema ya siku hizi yameshonwa sakafu, maji hayaingii, na hii mitaro inaharibu nyasi. Mama alimsikiliza vizuri sana. Akamkaribisha chai. Gari la bwana lilipopotea barabarani, akatugeukia: "Mmemsikia, eh? Haya, chimbeni."

Watu hudhani kambi ni ya Desemba peke yake. Yeye aliijua mwaka mzima, na kila msimu alikuwa mtu mwingine kidogo. Desemba alikuwa polisi. Spika ikipiga kelele anaibeba mwenyewe anaipeleka stoo, na ukiifuata anakwambia imelala. Agosti alikuwa mama wa shule. Watoto wa kambi za likizo wanakuja na baiskeli, wanaenda kwenye mabonde na miamba kule nyuma, wanarudi wamechubuka magoti, na yeye amekaa na beseni la maji ya chumvi anawapaka huku akiwaambia hawatakufa, waache maonyesho. Aprili, mvua ikija, walibaki wavuvi wa ndoano na wale watu wa kuangalia ndege. Hao aliwaonea huruma kwa sababu walimlipa kuja kukaa kimya.

Lakini mwezi wake ulikuwa Julai. Baridi ile ya Naivasha, ukungu umekaa juu ya maji mpaka saa nne, manyunyu hayaishi, na kambi nzima ina mahema matatu. Alipika uji kwenye sufuria kubwa na kuzunguka nao hema kwa hema, amevaa gambuti na koti la marehemu mumewe. "Hawa ndio watu wangu," alikuwa akisema. "Wa Desemba wamefuata wenzao. Hawa wamefuata ziwa."

Ndege aliwapa majina yake. Yule tai wa samaki anayepiga kelele asubuhi aliitwa Mwalimu wa Zamu. Wale weusi wanaotandaza mabawa juani aliwaita Waliofua Jana. Viboko hakuwapa jina la utani, aliwaheshimu. Alipanga mawe meupe mstari mmoja kati ya mahema na maji, na jua likishuka hakuna mtu kuvuka. Ukimuuliza kuna nini ng'ambo ya mawe anakujibu: "Ni kwa wenyewe."

Na hapo ndipo mambo yake yalipoanza kunichanganya. Mwanamke anaishi ziwani miaka yote hiyo na sijawahi kumwona akilowesha hata kidole cha mguu. Mashua aliziogopa kabisa, lakini alisimama ufukoni akifundisha watu kupiga makasia kwa sauti, na walimtii. Alikuwa mkali mpaka unataka kulia, halafu unapofika nyumbani unakuta amekuwekea samaki wawili chini ya nguo kwenye begi, na nguo zote zinanuka wiki nzima. Alikataza watu kulia pale kambini, ati wanaharibia wengine likizo, na mara mbili nimemkuta nyuma ya stoo macho mekundu. Nikiuliza, ni moshi.

Kubwa kuliko yote lilinichukua miaka kuliona, na mimi ndiye niliyekuwa ndani ya hayo mahema nikishona. Hakuingia. Hakuwahi kuingia kwenye hema. Akionyesha mgeni pa kulala anapitisha mkono tu mlangoni. Akitaka kulifagia, tunalipindua nje tunalikung'uta. Mimi nikiwa ndani natafuta mshono, yeye anachuchumaa nje ananipitishia uzi. Nilipoligundua niliendelea kushona. Ungemwambia nini?

Jambo lingine lilikuwa ufunguo. Shingoni alivaa kamba yenye filimbi na ufunguo, na kila mtu alidhani ni wa stoo. Stoo haikuwa hata na kufuli. Ule ulikuwa wa nyumba yake Kabazi, upande wa Subukia. Alikuwa amenunua kaploti huko, akajenga vyumba viwili, mawe mpaka dirishani na mabati juu, sakafu ya saruji, mlango wa bluu. Jumatatu nyingine anaenda, anafagia, anapalilia matango na parachichi lake, anafunga, na kabla ya giza amerudi stoo. Hakulala huko hata siku moja. Ukimuuliza atahamia lini anasema: "Mwakani." Mwakani ikifika, inakuwa mwakani tena.

Aliniletea hata vipimo vya madirisha ili nimshonee mapazia. Hakupima kwa futi, alipima kwa kamba na kuifunga vifundo: kifundo hiki urefu, hiki upana. Nilishona ya manjano yenye majani madogo, mazuri kwa kweli, kazi ninayojivunia. Akaja dukani, akayashika, akayaweka shavuni. "Wacha yakae kwako kwanza," akasema. Yalikaa kwangu miaka tisa. Nimehamisha duka mara mbili nikiwa nayo, yamefungwa kwenye gazeti. Mtu aliyeuliza dunia nzima siku yake ya kurudi nyumbani, yeye mwenyewe hakuwa na siku, na mimi niliogopa kumwambia. Woga wangu huo, nauungama.

Niwaambie kwanza vile alivyonifanyia mimi. Bwana yangu alichukua cherehani yangu ya miguu, ile kubwa, akampa dada yake aliyekuwa anafungua duka Elburgon. "Kwa muda," akaniambia, baada ya kuipeleka. Yaani unarudi kutoka sokoni unakuta alama nne za miguu ya cherehani sakafuni, na cherehani haipo! Sikugombana. Nilichukua begi, nikaacha watoto kwa jirani, nikapanda gari mpaka ziwani. Ilikuwa Jumanne, Julai, manyunyu.

"Unarudi nyumbani lini?" akaniuliza.

"Sijui, Mama."

"Basi sina hema."

Nyuma yake nayaona yamepangwa mpaka darini. "Mama, ni mimi!"

"Nimekuona."

"Hayo yote nimeyashona mimi!"

"Na umeshona vizuri. Unarudi lini?"

Nilimwita jina baya moyoni, na lingine dogo likanitoka mdomoni. Alinipa chai na kiazi kitamu, akanionyesha benchi. Nilikaa kwenye lile benchi kutoka saa tano asubuhi. Yeye anapita na kuni, anapita na jembe, haniangalii. Nikalia, akaniambia ninaharibia watu likizo. Saa kumi jioni, baridi imenifika kwenye mifupa, nikasema: "Ijumaa."

"Ijumaa gani?"

"Hii, Mama! Hii inayokuja!"

"Sasa unaongea." Akatoa hema, akanipa na jembe. Nilipokuwa nachimba mtaro wangu akaja akasimama karibu. "Sikusema urudi kwa bwana yako," akasema. "Nyumbani ni wapi, hiyo ni wewe unajua. Mimi ninataka siku tu."

Ijumaa asubuhi mapema aling'oa pegi za hema mimi nikiwa ndani. Hema likaniangukia usoni. Nilitoka nikipiga kelele, nikafukia mtaro, nikaenda kwa mama yangu Dundori na watoto wakaletwa. Nilivuna waru kwa hasira wiki tatu, mama yangu akasema hajawahi kupata kibarua mzuri hivyo. Wiki ya nne bwana akatokea nyuma ya pikapu ya maziwa, ameikumbatia cherehani yangu isianguke. Aliishusha, akachukua jembe, akaingia shambani. Tuko pamoja mpaka leo na bado tunagombana, ila vyombo vyangu havitembei.

Safari iliyofuata nilikuwa ndani ya hema nikibadilisha zipu, yeye amechuchumaa mlangoni na uzi wake, nikamuuliza: "Mama, hii ya siku uliitoa wapi?" Sikutarajia jibu. Alinieleza yote kwa muda wa kushona zipu moja.

Alikuwa na nyumba ya mbao juu ya Elburgon, karibu na msitu. Baada ya ule uchaguzi mambo yalipoharibika, ilichomwa, wakatoka na blanketi mbili. Wakafika kwenye uwanja wenye mahema. "Kuna mtu alikuwa anaandika majina. Akauliza tutakaa siku ngapi. Mzee wangu akasema wiki mbili. Yule mtu akaandika wiki mbili." Akanipitishia uzi. "Tulikaa mvua nne."

Kila Jumapili mumewe alifunga mizigo. Kila Jumapili alisikia kwamba wiki ijayo watapelekwa nyumbani. Hawakuchimba mtaro, kwa sababu nani anachimba mtaro mahali anaondoka kesho? Mvua ya tatu maji yaliingia, blanketi zikalowa, kifua kikamshika mzee. "Alikufa akiwa amefunga mizigo," akasema. "Mpaka viatu alikuwa amefunga. Hakuna mtu alimwambia siku. Wangemwambia ni miaka miwili, angechimba. Huyo alikuwa mtu wa kazi."

Sikuweza kushona. Akaniambia niendelee, mchana unaisha.

Baadaye alitafuta kazi, wakamuuliza anajua nini. "Nikawaambia, hema. Nilikuwa najua nini kingine?" Siku yake ya kwanza pale ziwani aliona familia ndani ya hema wanacheka, baba, mama na watoto, wanacheka mpaka hema linatikisika. "Nilidhani ni wagonjwa! Nikamuuliza yule mama, nyinyi mnarudi nyumbani lini? Akaniambia, Jumapili jioni. Nikakaa chini. Nikaelewa wanacheka kwa nini." Halafu akainama kuangalia kazi yangu. "Hiyo zipu imeisha?"

Tangu siku hiyo sikuwahi tena kunung'unika nikipewa jembe.

Halafu ziwa likaanza kupanda. Hatukujua ni kwa nini, kila mtu alikuwa na lake la kusema. Kwanza lilifika kwenye mawe meupe. Mama akayapaka rangi upya, akayasogeza juu. Msimu uliofuata akayasogeza tena. Migunga ya chini ikabaki imesimama ndani ya maji, ikafa hapohapo, na Waliofua Jana wakahamia kwenye matawi. Choo kimoja kikaenda, kisha cha pili. Nilikuja kushona nikikuta kambi imepungua kidogo kila mara, na yeye anaongea habari za zipu tu.

Mwaka huu, mvua za masika, simu ikalia. Haikuwa yeye. Alikuwa askari wa geti, tunaitana boss miaka mingi. "Boss, maji imeingia stoo. Mathe tumemtoa na mahema, lakini hataki kwenda mahali. Wewe ndiye anaskiza."

Nilienda Jumatano. Pale palipokuwa kambi niliona paa la stoo na mdomo wa bomba, maji ya kahawia yametulia juu ya kila kitu, na kiboko mmoja amelala kabisa pale tulipokuwa tukianika mahema. Huku juu, kwenye changarawe ya maram karibu na barabara, kulikuwa na mahema manne ya wafanyakazi. La mwisho lilikuwa la kijani. Nilijua kile kiraka cha mlangoni hata kabla sijafika, ni changu, nilikishona na uzi mwekundu siku wa kijani uliponiishia. Mtaro ulikuwa umechimbwa vizuri kulizunguka. Mama alikuwa amekaa nje anachagua maharagwe. Amepungua, koti la mzee limemmeza. Ndani, kupitia mlango ulio wazi, nikaona kitanda kimetandikwa.

"Karibu kwangu," akasema.

Kwake, ndani ya hema! Nilikaa kwenye mtungi wa maji uliolazwa hapo, nikatazama viatu vyangu, kisha nikasema kabla ya woga kunirudia: "Mama, unarudi nyumbani lini?"

Alicheka. "Wewe wa Dundori."

"Nimeuliza."

"Maji ikishuka."

"Hiyo si siku."

Aliacha kucheka. Akasema nisimsumbue, ana kazi, mvua iko karibu, gari za Nakuru zitaniacha. Nikamwambia mimi sina haraka, nitakaa. Nikakaa. Aliamka akapika chai, akanipa. Alifua leso, akaianika. Alienda kwa askari wa geti, akarudi, akanikuta palepale. Mchana wote nilikuwa kwenye ule mtungi, na mgongo wangu mpaka leo unaukumbuka. Kitu kama saa tisa akaketi mbele yangu na sinia la maharagwe yaliyokuwa yameshachaguliwa, akaanza kuyachagua tena.

"Nyumba mtu anaweza kuja akachoma," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwa nimewahi kuisikia hivyo. "Unaiangalia tu ikiungua. Hema ukiona mambo yameharibika unakunja unaenda nayo. Mimi nikilala Kabazi siku moja, nitaipenda ile nyumba. Unaelewa? Nikiipenda, sasa itakuwa na kitu ya kuchomwa."

Nililia, ndiyo. Hakunikataza.

"Mama," nikamwambia, "mzee alikufa kwa sababu hakuna mtu alimwambia siku. Wewe nani atakwambia? Mimi siwezi. Ni wewe tu."

Alichagua maharagwe mpaka sinia likaisha mara ya pili. Manyunyu yakaanza. Maji yakaingia kwenye mtaro wake, yakazunguka hema, yakashuka kwenda zake, kazi safi kabisa, na sote wawili tukayaangalia.

"Jumamosi," akasema.

"Jumamosi gani?"

Alinitupia harage. "Hii! Hii inayokuja, mjinga wewe!"

Jumamosi bwana yangu aliazima gari la rafiki yake, Probox, na tukafika saa mbili asubuhi. Hema la kijani lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba. Mtaro umefukiwa, umekanyagwa, na majani machache yamepangwa juu ingawa ilikuwa maram tupu. Yeye amekaa juu ya begi, amevaa nguo za kanisa na gambuti. "Mmechelewa," akasema. Hema alimkabidhi askari wa geti. "Hii upatie mtu mwenye siku yake. Na achimbe." Gari lilipoanza kwenda hakugeuka kuangalia ziwa. Mimi ndiye niliyegeuka.

Kabazi tulifika saa sita. Ufunguo ukakataa, masika yote hakuwa amekuja na kufuli ilikuwa imeshika kutu kwa ndani. Akaanza kusema, "Mnaona? Si leo," na kweli alikuwa ameshaanza kurudi garini. Nikatoa kichupa cha mafuta ya cherehani kwenye mkoba, nikatia matone matatu, bwana yangu akazungusha. Mlango wa bluu ukafunguka. Alisimama kizingitini muda mrefu, kisha akavua gambuti na kuingia kwa soksi.

Tulitundika yale mapazia. Miaka tisa kwenye gazeti na hayakuwa yamepauka hata kidogo. Vifundo vyake vilikuwa sahihi, yaligusa dirisha palepale panapofaa. Bwana alikuwa anawasha jiko nyuma ya nyumba, mimi natafuta vikombe, mvua ikashuka, ile ya Subukia inayokuja yote mara moja. Kwenye mabati husikii mtu akiongea. Nilipogeuka Mama hakuwepo ndani.

Nilimkuta nje kwenye mvua na jembe. Alikuwa amekimbia kwa jirani kuliazima, na miguu bado ina soksi tu. Anazunguka nyumba anatafuta pa kuanzia mtaro. Nikaita, hakusikia. Akafika kona ya pili, akasimama. Chini ya ukuta kulikuwa na mfereji wa saruji umezunguka nyumba nzima, ambao yeye mwenyewe alimwagiza fundi aujenge zamani, na miaka yote akawa anaupita bila kuuona, kwa sababu hakuwahi kuwa hapo mvua ikinyesha. Maji yalitoka juu ya mabati, yakaingia mferejini, yakaenda mpaka kwenye matango.

Alisimama akiyaangalia mpaka kitambaa chake cha kichwa kikalowa chote. Nikaenda nikamshika mkono. Akanipa jembe.

"Rudishia jirani," akasema. "Hapa halina kazi."